Uanaume wa Kutoulizwa: Funzo Kutoka Mashamba ya Chai ya Kericho na Bomet

Baraza yetu hukaa baada ya swala ya alasiri. Muuza kahawa hupita na dele lake, tende hutolewa, na mazungumzo huanza na bei ya unga, yakaenda kwenye siasa, yakaishia kwenye ndoa za watu. Siku moja mpwa wangu, dereva wa lori aliyekuwa ametoka kushusha chai Shimanzi, alitusimulia yanayosemwa huko Kericho kuhusu wasimamizi wa mashamba na wanawake wanaochuma chai. Kabla hajamaliza, mzee mmoja akacheka, akasema, "Mwanamume ni mwanamume tu, utamfanyaje?" Baraza nzima ikacheka. Na mimi nilicheka. Kicheko kile kinanikera mpaka leo.

Kinanikera kwa sababu Kericho naijua kidogo. Miaka 20 na ushei iliyopita, nikisomea diploma ya ustawi wa jamii, nilipelekwa huko kwa miezi mitatu ya mafunzo ya kazi. Nilipewa kiti kwenye zahanati moja iliyozungukwa na chai kila upande, kazi yangu kuandika majina kwenye daftari. Benchi la zahanati lilijaa akina mama kila asubuhi. Waume zao walikaa nje ya ua, chini ya mti, wakingoja. Siku moja nilimfuata mmoja wao nikamuuliza, "Mzee, mbona wewe huingii kupimwa?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Kijana," akasema, "mama akipimwa, na mimi nimepimwa."

Ndugu msomaji, leo nataka tuyatazame maneno haya mawili, la mzee wa barazani na la yule mwenzake wa Kericho, kwa sababu naona yana mzizi mmoja. La kwanza lasema mwanamume haulizwi anachowafanyia wengine. La pili lasema mwanamume haulizwi hali ya mwili wake mwenyewe. Huu ndio uanaume ninaouita uanaume wa kutoulizwa. Nitaeleza unavyofanya kazi, unavyoeneza maradhi, na ni nani anayeulipia.

Chai tunayokunywa inatoka wapi

Huku kwetu hakuna asubuhi bila chai. Wa maziwa ataitaka ya maziwa, wa mkandaa ataitaka ya mkandaa, na mahamri pembeni. Mnada mkubwa wa chai uko hapa hapa Mombasa, na mabohari tunayapita kila siku. Lakini jani lenyewe husafiri zaidi ya kilomita 700 kutufikia, kutoka milima ya Kericho na Bomet ambako mvua hainyimi.

Mashamba makubwa ya huko yalianzishwa wakati wa ukoloni, miaka ya 1920, na kampuni za Brooke Bond na James Finlay. Wafanyakazi wengi waliletwa kutoka mbali, wakapewa nyumba ndogo zilizopangwa safu safu, ambazo watu huziita laini. Mtu aliacha wazee wake, aliacha ukoo wake, akaja kuishi na wageni wenzake. Mshahara ukahesabiwa kwa kilo za majani. Juu ya mchumaji palikuwa na mnyapara, juu ya mnyapara msimamizi, juu ya msimamizi meneja.

Kwa mpango huo, msimamizi hana cheo tu. Ana ufunguo wa maisha ya mtu. Ndiye anayesema nani ataandikwa kazi na nani atarudi nyumbani. Ndiye anayeamua nani atapelekwa sehemu yenye majani mengi na nani atachuma kwenye mteremko. Mgonjwa akitaka kupumzika, kwake. Mwenye shida ya nyumba, kwake. Zikaja mashine za kuchuma chai, na kazi za mikono zikapungua. Hasira ya mashine hizo ililipuka Mei 2023, waandamanaji walipozichoma moto huko Kericho. Kazi inapokuwa adimu, anayegawa kazi huwa sultani.

Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilitoa filamu ya uchunguzi kuhusu mashamba hayo. Zaidi ya wanawake 70 waliwaambia waandishi kwamba walidhulumiwa kingono na wasimamizi, kwenye mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Kiingereza, Unilever na James Finlay. Walieleza jinsi walivyotakiwa kutoa miili yao ndipo wapate kazi, au wapate kazi nafuu, au wasifukuzwe. Mmoja wao alisema aliambukizwa virusi vya ukimwi na msimamizi wake. Bunge la Kenya likaamuru uchunguzi. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza malalamiko kama hayo kusikika, kwani zaidi ya miaka 10 kabla yake yalikwishatolewa.

Tangu wakati huo wenye mashamba wamebadilika. Unilever ilikuwa imekwisha kuuza biashara yake ya chai mwaka 2022, na Browns Investments ya Sri Lanka ikaja kutangaza ununuzi wa mashamba ya Finlay mwaka 2023 na ya Lipton mwaka 2024. Lakini kubadilisha jina kwenye lango hakubadilishi kilicho kichwani mwa mtu aliyeshika daftari la kazi.

Huo si uanaume, ni ufunguo

Turudi kwa mzee wetu wa barazani. Alikosea wapi aliposema mwanamume ni mwanamume tu? Alikosea kwa kudhani kwamba kilichomsukuma msimamizi ni matamanio yaliyomshinda. Kama ingekuwa ni matamanio tu, basi yangemshinda pia mbele ya mke wa meneja. Hayamshindi. Humjia mbele ya mwanamke mwenye watoto watatu na asiye na pa kwenda. Mtu anayejua kuchagua nani wa kumgusa na nani wa kumwamkia kwa heshima hakushindwa na nafsi yake. Amepiga hesabu. Alichotumia ni ufunguo aliokabidhiwa, na ufunguo ule kwetu sisi Waislamu unaitwa amana.

Sheria ya nchi nayo haimwiti mwanamume tu, inamwita mkosaji. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 23, inamlenga mtu mwenye mamlaka anayemsumbua kingono aliye chini yake, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Sheria ipo. Kinachokosekana ni watu wa kuuliza, na pale penye kicheko cha baraza, hakuna anayeuliza.

Hapa afya inaingia vipi? Inaingia hivi. Mwanamke asiye na uwezo wa kusema "sitaki" hana pia uwezo wa kusema "vaa kondomu" wala "tupimwe kwanza". Na msimamizi mmoja mwenye ufunguo hufikia wanawake wengi, kila mmoja na mumewe au mwenzake. Ugonjwa ukiingia kwa mtu kama huyo hupita kwenye laini nzima kwa njia ambayo hakuna anayethubutu kuitaja.

Hesabu za watafiti

Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, pamoja na watafiti wa jeshi la Marekani wa Walter Reed, wamefanya kazi Kericho kwa miaka mingi. Utafiti wao mmoja, uliochapishwa mwaka 2008, uliwapima wakazi wa shamba kubwa huko. Walikuta asilimia 14.3 wana virusi vya ukimwi. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 19.1, kwa wanaume 11.3. Linganisha na nchi nzima, ambapo uchunguzi wa taifa wa 2007 ulikuta karibu asilimia 7. Yaani mara mbili.

Watafiti walitazama pia ni nani aliye hatarini zaidi. Miongoni mwa waliokuwa na virusi kwa wingi walikuwa wale waliowahi kuwa na dalili za maradhi ya zinaa katika miezi 6 iliyotangulia, na wanawake walioolewa na waume wanaowazidi umri kwa miaka 10 au zaidi. Hili la mwisho tulisome mara mbili sisi wa pwani, tunaodhani kumwoza binti kwa mtu mzima mwenye mali ni kumweka salama. Mtu mzima ana miaka mingi nyuma yake, na binti hana ubavu wa kumuuliza kuhusu miaka hiyo.

Kisha njoo kwenye hesabu za nchi nzima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018, uitwao KENPHIA, ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 wana virusi: wanawake asilimia 6.6, wanaume 3.1. Ukiishia hapo utasema tatizo ni la wanawake. Usiishie hapo. Katika wanawake wenye virusi, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Katika wanaume, asilimia 72.6. Zaidi ya mwanamume mmoja katika kila wanne wenye virusi alikuwa anatembea navyo bila kujua.

Na hesabu ya tatu ndiyo ya kushangaza. Kati ya wote waliojua hali zao, asilimia 96 walikuwa wanatumia dawa. Maana yake, tatizo la mwanamume si kwamba hataki dawa. Akishajua, wengi wao wanameza. Kinachomshinda ni kuvuka mlango wa kwanza. Yule mtu wangu wa chini ya mti alikuwa hatua 20 kutoka kwenye mlango huo.

Kwa nini haingii

Tusimtukane, tumwelewe. Sababu ninazozijua ni nne.

Ya kwanza ni kilo. Anayelipwa kwa kilo akikaa kwenye foleni ya zahanati mpaka saa sita mchana amepoteza siku. Mama mjamzito ana siku zake za kliniki na anajulikana anaenda wapi. Mwanamume mzima asiye na homa ataomba ruhusa aseme anaenda kufanya nini? Lakini hesabu hiyo ni ya kujidanganya. Utafiti mwingine wa Kericho, uliochapishwa 2004, enzi ambazo ARV hazikuwa zimeenea, ulifuatilia wachumaji waliokuja kufa au kuacha kazi kwa sababu ya ukimwi. Katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho walikuwa wakichuma kati ya kilo 4 na 8 pungufu kila siku kuliko wenzao. Aliyekwepa foleni ili asipoteze kilo za siku moja alizipoteza kila siku, mpaka kazi ikamtoka.

Ya pili ni sura ya kliniki. Picha za ukutani ni za mama na mtoto. Muuguzi ni mwanamke, mara nyingi umri wa binti yake. Mazungumzo ni ya uzazi. Mwanamume akiingia pale hujiona kama aliyepotea akaingia jikoni kwenye arusi. Haya ni makosa ya waliopanga huduma, wala si ya mwanamume peke yake.

Ya tatu ni mafunzo ya utotoni. Vijana wa Kikipsigis hupelekwa menjo wanapotahiriwa, wakatengwa na wazee wakawafunda ujasiri, kuvumilia maumivu na kutunza siri. Ni mafunzo yenye heshima, na sisi tuliokuwa na jando tunayafahamu. Shida haiko kwenye ujasiri. Shida ni pale ujasiri wa kisu unapogeuka kuwa ububu wa maisha. Kijana aliyefundishwa asitikisike mbele ya ngariba huja kuwa mzee anayekojoa usaha na hasemi.

Juu ya hapo kuna kinga inayoeleweka vibaya. Ni kweli kutahiriwa kunasaidia. Majaribio matatu makubwa, Afrika Kusini, Kisumu na Rakai huko Uganda, yalionyesha kwamba kunapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Hata Kericho kwenyewe, watafiti waliona waliotahiriwa kimila wakipata maambukizi machache kuliko wasiotahiriwa. Lakini asilimia 60 si 100, na kinga hiyo haimkingi mke wa mtu mwenye virusi. Nimewasikia vijana wetu wa Kiislamu wakijitapa kwamba wao wametahiriwa wakiwa wachanga, kwa hivyo wako salama. Huo ni mwavuli wenye matundu, na mvua ni ya masika.

Ya nne ndiyo ile ya "mama akipimwa na mimi nimepimwa". Hii inaua, kwa hivyo nitaieleza pole pole.

Kipimo cha mke si kipimo chako

Virusi vya ukimwi havipiti kila mara watu wanapokutana. Mume anaweza kuwa navyo kwa miaka na mke asiwe navyo, na kinyume chake. Hali hii ni ya kawaida kwa wanandoa wengi. Kwa hivyo majibu ya mke yakiwa safi, maana yake ni kwamba mke yuko safi siku ile. Ya mumewe hayajulikani. Yule aliyerudi nyumbani akifurahia majibu ya mkewe huenda alikuwa ndiye hatari iliyolala kitanda kimoja naye.

Na majibu yakiwa si safi? Hapo ndipo dhuluma inapozaliwa. Mama anapimwa kwa sababu ana mimba, na huduma ya wajawazito inamtaka apimwe. Yeye ndiye wa kwanza kujua. Kwa sababu ndiye wa kwanza kujua, anaitwa ndiye wa kwanza kuleta. Nilimwona mama mmoja kwenye ile zahanati akiomba majibu yake yasiandikwe kwenye kadi, kwa kuwa mumewe alikuwa chini ya mti. Hakuogopa ugonjwa. Aliogopa njia ya kurudi nyumbani. Mume hakuwahi kupimwa, na kwa kutopimwa kwake akawa hakimu.

Tuwe na insafu. Aliyepimwa kwanza si aliyeambukizwa kwanza. Wanandoa wakienda pamoja, wakapimwa pamoja na kupewa majibu pamoja mbele ya mshauri, hakuna wa kumnyoshea mwenzake kidole.

Maradhi mengine yanayofichwa

Si ukimwi peke yake. Kisonono mara nyingi humchoma mwanamume wazi wazi, kwa usaha na maumivu ya haja ndogo. Kwa mwanamke mara nyingi hukaa kimya bila dalili yoyote, huku kikipanda juu na kuziba mirija ya uzazi. Mwanamume hukimbilia duka la dawa, akanunua vidonge kwa kunong'ona, akameza nusu, akapata nafuu, akanyamaza. Mke hakuambiwa, hakutibiwa. Baada ya wiki anamrudishia ugonjwa aliopewa naye. Na miaka ikipita bila mtoto, ukoo mzima humtazama yeye, na wengine huanza kumtafutia mume mke wa pili. Vidonge vya kubahatisha pia vimefanya kisonono kuwa sugu kwa dawa nyingi, tatizo ambalo sasa linaonekana ulimwenguni kote.

Kaswende ni mnafiki zaidi. Huanza na kidonda kisichouma, ambacho hupotea chenyewe baada ya wiki kadhaa. Mtu hudhani amepona. Ugonjwa umeingia ndani, na unaweza kumfikia mtoto tumboni. Kipimo chake ni cha damu, na tiba yake ni sindano ya penisilini ambayo imekuwapo tangu zama za babu zetu.

Kinachowasaidia wanaume

Uzoefu wa miaka hii umeonyesha kwamba mwanamume husogea huduma inaposogezwa kwake. Wanaume hupimwa kwa wingi wanapofuatwa kazini, nyumbani, au jioni baada ya kazi, kuliko wanapongojwa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito. Tangu mwaka 2017 Kenya imeruhusu vifaa vya kujipima mwenyewe, ambavyo mtu huweza kuvitumia chumbani kwake akajua mlango upo upande gani. Kikionyesha una virusi, ni lazima uende kituo cha afya kuthibitishwa. Kikionyesha huna, na ulikuwa hatarini karibuni, rudia baada ya miezi mitatu.

Mwaka huo huo zilizinduliwa pia dawa za PrEP, ambazo hutumiwa na mtu asiye na virusi lakini aliye hatarini, kwa mfano mwenye mwenza mwenye virusi. Na kuna dawa za dharura kwa aliyebakwa au aliyekutana na hatari ghafla, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Aliyedhulumiwa aende hospitali kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo. Nambari ya taifa ya msaada kwa waliodhulumiwa ni 1195, na kuipiga ni bure.

Habari kubwa kuliko zote, ambayo wanaume wengi hawajaisikia, ni hii: mtu anayetumia ARV vizuri mpaka virusi vyake vikawa havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Anaoa, anazaa, anafanya kazi, anachuma chai yake. Sindano anayoiogopa ndiyo inayomrudishia uanaume wake.

Na sisi wa pwani je?

Usidhani, msomaji wangu, kwamba haya ni ya bara tukayasoma tukikunja nne. Jani la chai haliji Mombasa lenyewe. Linaletwa na vijana wetu, wanaolala Salgaa, wanaolala Mlolongo, wanaolala Mtito Andei, kisha wanarudi Kisauni na Likoni kwa wake zao. Na ufunguo wa msimamizi hauko Kericho tu. Uko hotelini, uko ofisini, uko kwenye nyumba zenye mayaya, uko hata Ghuba ambako binti zetu wanakwenda kutafuta riziki.

Sisi tuna kitu kimoja walichotuachia wazee: msichana wa Kiswahili akitaka kuolewa hupewa somo, mwanamke mtu mzima anayekaa naye akamfunda mambo ya mwili, usafi na unyumba. Mvulana ana nani? Jando limekwisha, tunawatahiri hospitalini wakiwa wachanga, na mafunzo yakaenda na jando. Baba anaona haya. Ustadhi anafundisha josho na kuishia hapo. Kijana anabaki na simu yake na marafiki wa maskani. Kisha tunamwoza, tunapiga matari, na yule aliyefundwa anakabidhiwa kwa asiyefundwa.

Dini yetu haituruhusu zinaa, na hilo halina mjadala. Lakini haituruhusu pia kumdhuru mtu, na imetuhimiza tutafute dawa. Baadhi ya maimamu tayari huwaomba maarusi wapimwe kabla ya nikaha. Wengine wawafuate. Na kina baba tulio kwenye miaka ya arobaini na kuendelea tuwe masomo wa vijana wetu. Mazungumzo ya nusu saa yanatosha kuanzia. Mwambie mwanao mambo mawili tu: usiyempa nafasi ya kukataa, hakukubali, na mwili wako utaulizwa, kwa hivyo uulize wewe mwanzo.

Juma lililofuata baada ya kile kicheko nilimwita mpwa wangu kando, tukaketi mimi na yeye. Nikamwambia, "Nilicheka siku ile, na sikufanya vyema." Kisha nikamuuliza kama amewahi kupimwa. Akatazama chini. "Mjomba," akasema, "mke wangu alipimwa alipokuwa na mimba ya Ramadhani iliyopita. Hana kitu."

Nilimsikia tena yule mzee wa chini ya mti, miaka 20 baadaye, kwa sauti ya mtoto wa dada yangu. Sikumgombeza. Nilimwambia na mimi sijapimwa kwa miaka 6, twende sote. Tulikwenda Jumatatu, tukakaa kwenye benchi katikati ya akina mama, na hakuna aliyetucheka.